Kitabu Kisichoogopa Tope

Krismasi ya mwaka juzi nilimpelekea Mama Mkubwa kitabu cha bustani. Nilikinunua Dar es Salaam, cha Kiingereza, kwa kuwa cha Kiswahili nilikitafuta nikakikosa. Nikakifunga kwa karatasi yenye nyota, nikakipakata ndani ya basi hadi Marangu nikihofia pembe zake zisije zikapinda. Alikipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha kila mgeni aliyeingia sebuleni siku ile. Mwaka jana nilikikuta kabatini, katikati ya birika la kaure na glasi ambazo hazijawahi kutiwa maji, kikiwa bado ndani ya nailoni yake ya dukani.

"Nimekitunza, mwanangu," aliniambia. "Hakijapata hata doa."

Maneno yale yalinichoma, kwa sababu alikuwa ananishukuru kwa moyo wake wote. Huyu ni mama anayeamkia kwenye udongo kila siku ya Mungu, nami nilimpa kitabu cha udongo ambacho hathubutu kukishika akiwa na udongo mikononi.

Kwa hiyo mwaka huu niliomba shauri mapema. Juma moja kabla ya safari tulikaa wanne kwenye baraza ya kaka yangu, Tabata: Dada, aliyekuja likizo kutoka Leeds, Baba Mdogo, bwana shamba mstaafu aliyezunguka vijiji vya Hai na Rombo kwa pikipiki, Wifi, mwalimu wa shule ya msingi, na mimi. Swali lilikuwa moja: mtu anayelima apelekewe kitabu gani cha bustani wakati wa sikukuu?

DADA: Mimi changu ninacho tayari. Nimekibeba kwenye begi la mkononi, maana sandukuni kingekula uzito wote. Kina picha kila ukurasa: waridi, mayungiyungi, mapito yaliyofunikwa na maua. Mama Mkubwa anapenda maua kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kwake hufiki mlangoni kabla hujapita kwenye waridi.

BABA MDOGO: Kizuri sana, mama. Hebu nifungulie ukurasa wa nyanya.

Alivaa miwani, akasoma kimya huku kidole kikifuata mstari. Hakuwa na haraka. Watu waliozoea kusoma maandishi ya paketi za dawa ya mimea husoma hivyo.

BABA MDOGO: Wanasema mbegu ziatikwe ndani ya nyumba mwezi Machi, miche itolewe nje mwishoni mwa Mei, jalidi ikishakwisha. Sasa niambieni, Marangu mwishoni mwa Mei kukoje? Masika yameanza Machi, ardhi imelowa miezi mitatu, mlima umejifunika mpaka saa sita mchana. Ukitoa mche wa nyanya nje wakati ule, unaupeleka kwa baka jani kwa mkono wako mwenyewe. Kitabu hakijakosea. Kimeandikiwa mtu mwingine.

WIFI: Lakini Baba, miezi si inabadilishwa tu?

BABA MDOGO: Ingekuwa miezi tu, ningenyamaza. Soma hapa: mti wa matunda upandwe kwenye ukuta unaotazama kusini ili upate joto. Kwao jua la mchana liko kusini mwaka mzima. Sisi Kilimanjaro tuko kama digrii tatu tu kusini mwa ikweta. Desemba jua la saa sita liko kusini kwetu, Juni limehamia kaskazini, na katikati hapo linapita utosini mara mbili. Ukuta uleule una jua sehemu moja ya mwaka, na sehemu nyingine uko kivulini. Na hizi tulipu: kitunguu chake kinataka wiki nyingi za baridi kali ardhini ndipo kitoe ua. Shemeji atakifukia, atakimwagilia, atangoja. Halafu atajilaumu yeye.

Hilo la kujilaumu ndilo lililonigusa. Nimewaona watu waliofuata kitabu neno kwa neno, mmea ukafa, wakasema mkono wao hauna baraka. Mtu mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, kilicholisha watoto saba anaweza kushawishika na picha moja kwamba hajui kulima.

BABA MDOGO: Waingereza wenyewe walipohamia Kenya walilijua hilo. Mwaka 1934 wanachama wa chama chao cha bustani, Kenya Horticultural Society, walitoa kitabu kiitwacho Gardening in East Africa, kikihaririwa na Jex-Blake. Watu waliokulia kwenye vitabu vya London walikuta huku mvua mbili kwa mwaka na jua la utosini, ikabidi waandike upya. Kama wao hawakutosheka na kitabu cha kwao, kwa nini tumtwishe shemeji?

DADA: Ya mvua na ya jua nayakubali yote, Baba Mdogo. Lakini sikukinunua kimfundishe Mama Mkubwa kupanda nyanya. Nyanya amepanda kabla sijazaliwa. Tazameni vitabu tunavyowapelekea watu wa kijijini: ufugaji bora wa kuku, kilimo bora cha mahindi, mwongozo wa dawa. Kila ukurasa ni kazi. Ni nani aliyewahi kumpelekea mama wa kijijini kitabu ili akae jioni, anyooshe miguu, aitazame bustani ya mtu mwingine na kuifurahia? Kule ninakoishi, Desemba giza linaingia saa kumi alasiri na hakuna kinachoota nje. Ndiyo wakati watu wanaponunuliana vitabu vya bustani. Hawasomi ili wapande kesho. Wanasoma ili wavuke baridi. Mama Mkubwa naye ana kipindi chake cha kuvuka. Tangu Baba Mkubwa afariki, jioni zake ni ndefu.

Hakuna aliyejibu kwa muda. Katika mazungumzo yote ya siku ile, hoja hii ndiyo iliyokaa nami. Tumezoea kwamba kitabu kikienda kijijini kiende kikafanye kazi. Mtu wa mjini hununuliwa kitabu apumzike, mkulima hununuliwa aongeze mavuno. Baba Mdogo mwenyewe alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

Wifi ndiye aliyeuvunja ukimya. Alikuwa anafunua kurasa za nyuma, zile za mimea ya kuwekwa ndani ya nyumba.

WIFI: Ngojeni kwanza. Hii si sale?

Tuliinama wote. Ndani ya chungu cheupe, pembeni ya kochi la kijivu, palikuwa na mmea wenye majani marefu ya kijani. Chini yake pameandikwa Dracaena fragrans. Wifi hakuzaliwa Uchagani, ameolewa huko, lakini sale haihitaji kufundishwa mara mbili. Ndiyo inayosimama mpakani mwa kihamba na kihamba, ndiyo iliyo penye makaburi ya wazee, na jani lake ndilo unalompelekea uliyemkosea unapotaka akusamehe. Huku kwetu jani hilo likishaletwa, mtu hupata shida kukataa suluhu. Kule limekuwa pambo la sebule, na hakuna anayejua kwamba ameweka jani la msamaha karibu na televisheni.

Tukaanza kutafuta mengine. Tukalikuta ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, linalojaza madirisha ya Ulaya. Hilo limetoka milima ya Usambara. Ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Tukalikuta na ua la Impatiens walleriana, la misitu ya Afrika Mashariki, ambalo miji ya Uingereza hulipanda kwa maelfu kila kiangazi. Mlima wetu una ndugu yake, Impatiens kilimanjari, ambaye haoti porini popote pengine duniani.

DADA: Miaka kumi na moja nayapita maua haya barabarani Leeds. Sikujua yametoka nyumbani.

BABA MDOGO: Kitabu kinasemaje kuhusu asili ya sale?

DADA: Kinasema Afrika ya kitropiki.

BABA MDOGO: Basi. Hapo ndipo penye kazi ya penseli.

Nilidhani mzee ameshalainika. Bado. Alikubali kwamba mboji ni mboji popote, na kupogoa, kukata vipandikizi na kumwagilia jioni hakuna uraia. Alichokataa ni kitabu kufika Marangu mikono mitupu, bila mtu wa kukipokea na kukieleza. Wifi akalidaka jambo hilo hapohapo.

WIFI: Na atakayemsomea ni nani? Mjukuu anayekaa naye yuko darasa la tano. Kiswahili atamsomea kwa sauti na bibi atacheka naye. Kiingereza atakitamka tu. Mnazungumzia mvua na jua, hamsemi kitu kuhusu lugha. Nendeni dukani mkatafute kitabu cha Kiswahili cha bustani ya nyumbani. Mtapewa vijitabu vya zao moja moja: kitunguu, tikiti, pilipili hoho. Hesabu zote ni kwa ekari, mifuko ya mbolea ya DAP, bei ya sokoni. Hakuna aliyemwandikia mama mwenye ukanda wa hatua kumi nyuma ya jiko, anayetaka mchicha, mnavu, bamia na waridi lake moja.

DADA: Kwa hiyo asipewe kitu?

WIFI: Apewe Mkulima Mbunifu. Ni jarida la Kiswahili la kilimo hai, lipo tangu 2011, matoleo yake yako mtandaoni. Mboji, mwarobaini, bustani ya mboga, kuku, vyote mle kwa lugha ya kueleweka. Ninachagua matoleo kumi, nayachapa kwa herufi kubwa maana macho yake si ya zamani, nayashona kwa uzi.

DADA: Karatasi zilizoshonwa, Wifi? Siku ya Krismasi?

WIFI: Ndiyo zitakazoingia migombani.

Hapo nilikuwa upande wa Wifi bila kusita. Nikawaeleza la kabatini, ambalo nilikuwa sijamwambia mtu. Jalada gumu, karatasi inayong'aa na nailoni vinamwambia aliyepewa kwamba hiki ni cha wageni. Kitabu cha bustani kinatakiwa kikubali tope, kikubali jani kubanwa katikati ya kurasa, kikubali mtoto kuandika kwa penseli pembeni kwamba hapa tulipanda, hapa kuku walikula.

Nikawaambia pia ninavyochagua siku hizi ninapoingia duka la vitabu pale mtaa wa Samora. Siangalii jalada wala picha. Naanza na faharasa. Natafuta mchicha, natafuta magimbi, natafuta kunde. Nikikuta rubabu ina kurasa tatu na magimbi hayamo, nakirudisha. Kisha naangalia mwaka wa chapa. Mdudu wa nyanya tunayemwita kantangaze aliingia Tanzania mwaka 2014, na kiwavijeshi vamizi akafuata 2017. Kitabu cha kabla ya hapo, hata kiwe kizuri namna gani, kitamwacha mama wa watu na kiwavi asiye na jina. Na kile cha miaka ya 1950 au 1960, kinachouzwa kwa bei poa chini ya mwembe, huenda kinaisifia dawa ya DDT. Hicho usimpelekee mtu unayempenda.

BABA MDOGO: Ya faharasa umesema vyema. Mimi naongeza michoro. Nina kitabu nilichotembea nacho kwenye pikipiki miaka mingi, Useful Trees and Shrubs for Tanzania, cha mwaka 1994, cha Mbuya na wenzake. Kila mti una mchoro wake na majina yake kwa lugha za makabila. Picha ya kamera inakuonyesha ua moja siku lilipopendeza. Mchoro unakuonyesha jani lilivyoshika tawi, tunda lilivyo ndani, mbegu yake. Mkulima asiyejua Kiingereza alikuwa anakinyang'anya mikononi mwangu: huyu ni mringaringa, huyu ni msesewe, tunatia gome lake kwenye pombe ya mbege. Sentensi hajasoma hata moja, na kitabu kimemwelewa.

"Kitabu kimemwelewa." Nilimwomba arudie, akarudia. Wapo wenzetu Kenya waliofanya kazi ya namna hiyo kwa mboga: Traditional Food Plants of Kenya, cha Maundu, Ngugi na Kabuye, cha mwaka 1999. Mgagani haujui mpaka wa Taveta, kwa hiyo kitabu hicho kinatufaa na sisi. Tatizo ni kwamba vitabu hivi viwili ni vya Kiingereza na ni vigumu kuvipata madukani. Wanaovijua ni mabwana shamba na wasomi, na mama aliyetoa majina ya mimea hiyo hajawahi kuviona.

DADA: Lakini tunasahau jambo. Kihamba chenyewe ni elimu. Mwaka 2011 shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO, liliiingiza Shimbwe Juu kwenye orodha ya urithi wa kilimo wa dunia. Mringaringa juu, migomba chini yake, kahawa chini ya migomba, magimbi chini ya kahawa, maji ya mfongo, mfereji wa wazee, yanapita pembeni, na vyote ndani ya eneo lisilofika hekta moja. Mtu wa namna hiyo tumpelekee kitabu cha nani? Ndiye angepaswa kukiandika.

WIFI: Basi tumpe daftari. Zuri, nene, la mistari. Aandike anachojua, wajukuu wakipate.

DADA: Hapana. Hiyo ni kazi tunampa, tunaifunga kama zawadi. Tukitaka maarifa yake, twende tukae naye tuandike sisi. Krismasi apokee, asitozwe.

Nilimtazama dada yangu kwa heshima mpya. Wazo la daftari nilikuwa nalo hata mimi, na lilinipendeza tangu asubuhi, mpaka aliposema hivyo.

Ilikuwa imefika saa moja usiku na hatukuwa na jibu. Baba Mdogo akasema sisi wote tunamzungumzia mtu aliye hai, mwenye simu. Huwezi kumuuliza mtu anataka zawadi gani, si adabu. Lakini kumjulia hali ya bustani yake si kosa. Akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo Mama Mkubwa," tukasema pamoja.

"Marahaba wanangu. Mnafika lini? Nimeshawatengea mkungu."

"Shemeji," Baba Mdogo akaanza, "bustani inasemaje mwaka huu?"

Akatueleza. Vuli haikuwa mbaya. Kantangaze amemaliza nyanya, amehamia kwenye mnavu kutafuta mboga. Magimbi yako salama. Kisha akanyamaza kidogo, kama mtu anayeona haya kuuliza jambo dogo.

"Lile waridi jekundu la mlangoni, alilolipanda marehemu. Limerefuka matawi, halijatoa ua tangu Agosti. Naogopa kulikata nikaliua. Ninyi mliosoma, linakatwa wapi?"

Dada alikuwa ameshaanza kufungua kitabu chake penye waridi. Baba Mdogo alikuwa ameinua kidole, anataka kujibu kwa kichwa. Mimi nilikuwa natetemeka, kwa sababu nilikumbuka yaliyomo kwenye kitabu cha mwaka juzi. Nilikuwa nimepitia nakala yake iliyofunguliwa dukani kabla ya kukilipia.

"Mama Mkubwa," nikasema, "kile kitabu kilichoko kabatini. Kina sura nzima ya waridi. Kina michoro ya pa kukata."

"Kile cha nyota?"

"Hichohicho."

"Lakini kile si cha kuchafua, mwanangu."

"Ni cha kuchafua, Mama Mkubwa. Nilikuletea ukichafue. Sikukuambia, nisamehe."

Tulisikia kabati likifunguliwa, glasi zikigongana. Tukasikia nailoni ikichanika. Akamwita mjukuu, akampa simu, na mtoto akaanza kututajia herufi za kichwa cha habari moja moja, mpaka alipofika kwenye neno tulilokuwa tunalingoja. Akatusomea mstari kwa taabu, Baba Mdogo akaugeuza Kiswahili taratibu, kama alivyokuwa akifanya vijijini: kata mshazari, juu kidogo ya jicho linalotazama nje, si lile linalotazama ndani.

"Linalotazama nje," Mama Mkubwa akarudia. "Subirini, mjukuu, lete tochi. Niende nacho mlangoni nikaone."

"Kunanyesha huko?" Dada akauliza.

"Manyunyu tu," akasema, na tukasikia mlango.